Mchangia Damu wa Pichani

Kama majisifu yangekuwa damu, Bishwambhar Hazra angewatosheleza wagonjwa wote wa Kolkata na nyingine ikamwagwa. Ukuta mzima wa sebule yake pale Bagbazar ulijaa picha zake, na katika kila picha amelala chali kwenye kitanda cha kuchangia damu, mkono kaunyoosha, kiganjani kafumbata kampira kekundu, usoni tabasamu la bwana harusi. Picha thelathini na moja. Ole wako uketi kwenye kochi lake. Hata chai hujaionja, umeshasimuliwa kambi ipi ilikuwa na mvua na mheshimiwa gani alimshika bega.

"Damu yangu," alikuwa akisema huku akijigonga kifua, "inatembea katika nusu ya mji huu. Nikipita barabarani, najisalimia mwenyewe."

Watu wa mtaa walicheka kwa heshima. Yeye ndiye mwenyekiti wa klabu, ndiye anayeamua hema la sikukuu ya mungu wao, Mama Durga, lisimame wapi na nani apande jukwaani. Kila mwaka, miezi kadhaa kabla ya sikukuu, aliandaa kambi ya kuchangia damu, yenye muziki wa kupasua masikio na zawadi ya saa ya ukutani kwa kila anayetoa. Debe tupu haliachi kuvuma, na debe la mwenyekiti nani wa kulinyamazisha?

Aliyezipangusa vumbi picha hizo ni Ketaki, mjane wa mdogo wake. Alikaa na binti yake katika chumba cha chini cha nyumba hiyo hiyo, akishona blauzi za wanawake wa mtaa, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko mkasi wake. Ila mtu anayekaa kwa hisani hujifunza kumeza maneno. Ketaki alikuwa ameyameza mengi, mpaka akasema siku moja kwamba ndiyo yanayomshibisha.

Binti yake, Jhimli, mwenye miaka tisa, alikuwa na saratani ya damu. Dawa zilizopigana na ugonjwa zilimalizia pia zile chembe za kugandisha damu, ambazo zikipungua mwilini, mtu huvuja kama ndoo iliyotoboka. Sikukuu ikiwa imekaribia, mtoto akaamka mto umelowa damu ya ufizi, na miguuni madoa mekundu yamemtapakaa kama aliyeumwa na sisimizi. Ketaki alimbeba mbio hadi hospitali ndogo alikozoea kutibiwa.

Daktari Molla, aliyekuwa akimtibu tangu mwanzo, alimtoa Ketaki nje ya wodi.

"Mama Jhimli, sikufichi. Anahitaji chembe, tena upesi. Leo ni ufizi tu. Ikianza kuvuja kichwani, sitakuwa na la kufanya."

"Basi mpe, daktari."

"Sina za kumpa. Mashine ya kuzikusanya hatuna. Benki ya damu kule ng'ambo ya mji wanayo, lakini homa hii ya kidingapopo imewamalizia rafu yote. Tafuta mtu wa kundi B chanya kama mtoto, mzima, asiwe ameugua homa karibuni. Wao watamtoa chembe, na nyinyi mtaniletea mfuko hapa."

Asiwe ameugua homa! Mwaka huo mbu walikuwa wameupitia mtaa nyumba kwa nyumba, utadhani wanakusanya michango ya sikukuu. Muuza magazeti alikuwa ndiyo kwanza anainuka kitandani. Mwalimu wa nyumba ya pili alikuwa bado anatetemeka. Ketaki mwenyewe homa ilikuwa imemwachia majuzi, na benki ya damu ilishamkatalia kwa simu.

Jhimli wala hakuwa na wasiwasi. "Mama, si baba mkubwa yupo? Kundi lake ni kama langu, ameniambia mwenyewe. Atanipa ya kwake, anayo nyingi." Na kila muuguzi aliyekuja kumfuta mdomo alisimuliwa habari za picha thelathini na moja.

Ketaki alipanda ngazi za shemeji yake. Alimkuta Bishwambhar amezungukwa na nyaya za taa za rangi, akiamua zipi zitafungwa kwenye hema. Pembeni, mkewe Nirupoma, mwanamke mkimya ambaye watu walimsahau hata akiwa mbele yao, alikuwa akimenya viazi.

"Shemeji, mtoto anavuja damu. Anataka chembe, na kundi ni lako."

Bishwambhar aliiweka taa chini polepole. Rangi ilimshuka usoni, kisha akaipandisha tena kwa nguvu.

"Jhimli wangu! Kwa Jhimli nitoe hata roho! Lakini unajua, mama Jhimli, mwili huu umetumika. Daktari wangu amesema, Hazra, pumzika, umewapa watu kupita kiasi."

"Tangu kambi miezi imepita. Umeshapumzika."

"Tena wiki hii nimefunga kwa ajili ya Mama Durga."

"Umefunga na mandazi ya samaki yako hapo kwenye sahani?"

Nirupoma aliinamia viazi vyake ili asionekane anacheka.

"Hizo mashine si nzuri," akasema Bishwambhar, sasa kwa sauti ya profesa. "Zinakuzungusha damu nje ya mwili kama juisi ya miwa. Mpe mtoto maji ya majani ya papai. Bibi zetu walikuwa na mashine?"

Ketaki alimtazama. Alikuwa na maneno, na yalikuwa mengi, lakini Jhimli alikuwa akivuja, na ugomvi haujazi mfuko. Akashuka.

Uani alikuwa ameketi Gokul Ruidas, mpiga ngoma kutoka vijijini Bankura, aliyekodiwa na klabu kwa siku za sikukuu. Alikuwa akikaza ngozi ya ngoma yake kubwa na masikio yake hayakuwa na pamba.

"Shangazi," akasema bila kuinua kichwa, "mimi kwetu mbu wapo ila homa sijaiona mwaka wa tatu. Na kundi langu ni hilo B. Nilipimwa nilipovunjika mguu. Twende?"

Ketaki alimshika mkono wa shati akamvuta.

Kwenye benki ya damu, Daktari Lodh, mama wa makamo mwenye miwani shingoni, hakumpeleka Gokul kitandani moja kwa moja. Kwanza alimhoji: amekunywa dawa ya maumivu karibuni? Amechanjwa? Amechorwa tatuu? Kisha wakamtoa damu kidogo, wakahesabu kama chembe zake zinatosha kugawana, wakapima virusi vya ukimwi, homa ya ini aina ya B na ya C, kaswende na malaria. "Kwa mashine tunapima kwanza," akasema. "Chembe hazikai. Siku tano tu rafuni zimekwisha, na mtoto wako hana hata hizo."

Majibu yalikuwa safi. Gokul akalazwa. Mrija ukatoa damu mkononi, mashine ikaizungusha, ikachota chembe pamoja na maji yake ya manjano, na damu nyekundu ikarudishwa kwake. Muda wote huo vidole vyake vilipiga ngoma kwenye ukingo wa kitanda, mpaka muuguzi akamwomba anyamazishe mkono mmoja. Mwisho mfuko ukajaa maji ya rangi ya mchuzi wa dengu uliochujwa. Ketaki alitaka kuupigia magoti.

"Nisikilize vizuri," Daktari Lodh akamwambia Ketaki, akimwonyesha kabati ambamo trei zilikuwa zikiyumba huku na huku bila kupumzika. "Hizi hukaa kwenye hali ya kawaida ya chumba, na zinabembelezwa hivi mchana na usiku. Zisigande, zisipate joto, na friji zisiione kabisa. Damu nyekundu inataka baridi. Chembe, baridi inaziharibu. Shika mkononi, ukiyumbisha taratibu, uende moja kwa moja."

"Nimesikia, daktari."

Ndipo mlango ukafunguliwa, na nani mlangoni kama si Bishwambhar mwenyewe, kanzu nyeupe imepigwa pasi, nyuma yake wanaume wanne wa klabu na mpiga picha. Habari ya mfuko ilikuwa imeshafika mtaani, na mahali penye sifa yeye hakosi, kama nzi na shira ya jalebi.

"Mfuko wa mtoto wetu nitaubeba mwenyewe! Gari lipo nje."

Mkononi alikuwa na sanduku jeupe la povu gumu la plastiki, lile wauza samaki wanalosafirishia samaki wa ilish. Ndani limejaa barafu.

"Shemeji, si kwenye barafu!" Ketaki akaruka. "Daktari kasema baridi inaziua."

"Wewe mshona blauzi utanifundisha damu mimi?" Bishwambhar akacheka, na wale wanne wakacheka. "Ilish anatoka Diamond Harbour amelala kwenye barafu, na damu ya mtoto wetu isafiri uchi? Watu watatuonaje? Haya, nenda kwa mtoto, garini hakuna nafasi. Na huko nje pana jua kali. Nitafika kabla yako."

Daktari Lodh alikuwa ameitwa chumba cha pili. Ketaki aliushikilia mfuko. Bishwambhar naye aliushika. Mfuko ni plastiki, na katikati ya watu wawili wanaovutana, ungepasuka. Ketaki ndiye aliyeachia. Mama ndiye huachia.

"Nakuapisha kwa jina la mdogo wako, usiuweke humo."

"Sawa, sawa. Nenda."

Alimsadiki, kwa kuwa hakuwa na la kufanya. Alipanda basi, akabadilisha, akafika hospitalini jasho likimtoka. Gari halijafika. Akasubiri mlangoni. Gari halikufika. Kumbe mheshimiwa alipitia kwenye hema! Sanduku likawekwa mbele ya sanamu la Mama Durga ambalo hata macho halijachorwa, likavishwa shada la maua ya manjano, mpiga picha akapiga, barafu ikaongezwa ili isiyeyuke kabla ya picha nyingine, na kuhani akalinyunyizia maji.

Lilipofika, Daktari Molla alilifungua na kuutoa mfuko kutoka chini kabisa ya barafu. Aliuinua kwenye mwanga wa dirisha akautikisa. Chembe zikiwa hai, ndani huonekana kitu kinachozunguka na kumetameta, kama moshi mwembamba. Huu haukuzunguka chochote. Ulitulia tu, na vijidonge vyeupe vimejikusanya pembeni.

"Nani kaweka hii kwenye barafu?"

Wale wanne wa klabu walianza kuchunguza dari.

"Siwezi kumtilia mtoto hii. Itupwe."

"Daktari, si itapata joto tu tukiiweka juani kidogo?" akauliza Bishwambhar.

"Samaki aliyekufa ukimweka juani anaogelea?" Daktari Molla akasema, akautupa mfuko kwenye pipa. Kisha akamgeukia Ketaki. "Yule aliyetoa hawezi kurudia mpaka mwili wake upumzike siku mbili. Na Jhimli ameanza kutoka damu puani. Siku mbili hana. Tafuta mwingine, awe kesho."

Ketaki hakulia. Hasira ilikuwa imemkausha. Alimwangalia yule mtu mzima na kanzu yake na pete zake, akajiuliza ni udongo gani uliofinyanga ujinga mkubwa hivyo ukaupa na mdomo.

Jioni alikwenda kwenye hema. Watu walikuwa wamejaa wakitazama taa zikijaribiwa, na Bishwambhar yuko jukwaani na kipaza sauti, anawaeleza jinsi alivyoukimbiza mfuko wa uhai katika jua la Kolkata. Ketaki alipanda jukwaani kama alivyokuwa, kanga za mtoto zenye damu begani. Bishwambhar alidhani amekuja kushukuru. Akampa kipaza sauti.

"Ndugu zangu," Ketaki akasema, na sauti yake ikatoka kwenye spika za mtaa mzima, "mfuko ule umeharibika. Mwanangu anavuja. Lakini sina wasiwasi. Baba mkubwa wa Jhimli, aliyetoa damu mara thelathini na moja, ndugu wa damu, kundi lile lile, homa hakuugua, amesema kwa Jhimli atatoa hata roho. Roho simwombi. Asubuhi anakwenda benki ya damu. Mpigieni makofi!"

Lo! Makofi yalianguka kama mvua. Gokul, mkono wake mmoja umefungwa bandeji, aliipiga ngoma kwa ule mwingine. Wanawake walipiga vigelegele vyao. Mtu akamvisha Bishwambhar shada, lile lile lililovishwa sanduku la samaki. Alifungua mdomo aseme yuko kwenye mfungo, lakini nani angemsikia? Sifa alizozipiga miaka yote ndizo zilizomshika kwapa na kumteremsha jukwaani.

Asubuhi wanaume wa klabu walimfikisha mpaka mlangoni kwa Daktari Lodh, wasije wakakosa picha. Nirupoma alikuja naye, na kitambaa cha kumfutia jasho. Sindano ndogo tu ya kuchukua damu ya kupima ilipokaribia mkono wake, mchangiaji wa mara thelathini na moja aliita, "Mama yangu weee!" akalegea kwenye kiti. Muuguzi alitazama mkono huo juu na chini kama anayetafuta kitu kilichopotea, asikione.

"Kovu hana hata moja," akamnong'oneza Ketaki.

Nirupoma alisikia. Alikunja kitambaa chake, akaenda kwenye kiti cha pili, akanyoosha mkono wake mwenyewe. "Nami nipimeni," akasema. "Nina B chanya. Mtoto sijazaa, homa sijaugua, hakuna aliyewahi kuniuliza."

Walisubiri kwenye benchi. Bishwambhar alipata nguvu tena, akaagiza chai, akaanza kumsimulia mlinzi habari za kambi yenye mvua. Ndipo Daktari Lodh akatoka na kumwita faraghani.

"Faragha ya nini?" Bishwambhar akavimba. "Semea hapa hapa. Damu yangu inajulikana na mtaa mzima. Mke wangu huyu, shemeji yangu huyu."

"Una hakika, bwana Hazra?"

"Sema!"

"Una homa ya ini aina ya C. Tutarudia kipimo kuhakikisha, lakini chembe zako hatuzichukui."

Kikombe cha udongo kilimponyoka kikavunjika sakafuni.

"Dawa zipo," akaendelea Daktari Lodh, "vidonge, na watu wanapona. Lakini sasa nina kazi nyingine kubwa zaidi. Nimeambiwa umetoa damu mara thelathini na moja. Ugonjwa huu hukaa mwilini miaka na miaka kimya. Nipe kila tarehe na kila kambi. Lazima tuwatafute wote waliopewa damu yako, mmoja mmoja, tuwapime. Huenda ikabidi na polisi wajue, maana kuna waliopima wakanyamaza."

Njia ya mwongo ni fupi, na hapo ndipo ilipoishia, kwenye benchi la mbao, mbele ya wanawake wawili na mlinzi. Bishwambhar alitazama mlango. Alitazama mikono yake.

"Hakuna wa kutafutwa," akasema, kwa sauti ndogo ambayo Ketaki hakuwahi kuisikia kwake.

"Vipi?"

"Nilikuwa nalala tu. Mtu akishuka kitandani, napanda mimi, wananibandika pamba, picha inapigwa. Sindano... siziwezi sindano."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja."

Daktari Lodh alivua miwani yake. "Bwana Hazra, kama ungetoa kweli hata mara moja, tungeukuta ugonjwa tukakuambia. Ungekuwa umeshapona zamani, na umeshasahau."

Mficha maradhi kifo humuumbua, wasemavyo. Huyu hakuyaficha hata hayo maradhi. Alificha woga, woga ukamfichia maradhi.

"Nimefua mikono ya kanzu zake miaka ishirini na sita," Nirupoma akasema, akimwambia Ketaki peke yake. "Doa la damu sijaliona. Nilijua. Nikadhani ni uongo usiomdhuru mtu."

Majibu yake yeye yalikuwa safi, na chembe zake tele. Alilazwa kitandani pale pale, saa na nusu nzima, macho yake kwenye mashine, hakuomba hata maji. Mpiga picha wa klabu alichungulia, akamwona ni yeye tu, akaondoka.

Safari hii Ketaki aliupokea mfuko kwa mikono yake miwili akaufunika na ncha ya sari. Kwenye benchi Bishwambhar alikuwa bado ameketi, vipande vya kikombe miguuni.

"Mama Jhimli," akasema, "mtaani... utawaambia?"

Ketaki alikuwa na maneno ya miaka yote yaliyomkaa kooni, na nafasi ndiyo hii. Lakini mfuko ulitaka kuyumbishwa.

"Kipaza sauti ni chako, shemeji," akasema akiendelea kutembea. "Mimi leo sina mkono mtupu."

Daktari Molla aliutikisa kwenye mwanga. Ulizunguka, ukametameta. Matone yakaanza kuteremka kwenye mrija wa Jhimli, manjano, taratibu. Kufikia alasiri pua ilikuwa kavu, na mtoto alifumbua macho akautazama mfuko uliobaki na tone la mwisho.

"Ni ya baba mkubwa?"

"Hapana. Ya mama mkubwa."

Jhimli alikunja uso. "Mama mkubwa? Mbona yeye hana picha hata moja?"

Ketaki akamfuta mdomo. "Ndiyo maana damu anayo," akasema.